Vuguvugu la Namba Saba

Benchi letu lina miguu mitatu na tofali. Mguu wa nne ulivunjika siku Cheche alipokuwa akitueleza jinsi ndege inavyopaa, na tangu siku hiyo anayekaa upande wa tofali anatakiwa asicheke sana. Liko mbele ya kinyozi, yaani mbele yangu, chini ya kibao kinachosema NYWELE NA NDEVU, UTOKE MTU MWINGINE, na linatazamana na karakana ya kuchomea vyuma ng'ambo ya barabara. Kahawa ni ya Mzee Birika, ambaye hukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kuokota makaa ya moto kwa vidole kama wewe unavyookota vifungo vya shati. Vikombe viko sita, vishikio viko viwili. Ukitaka habari ambayo haijathibitishwa, karibu ukae. Ukitaka iliyothibitishwa, pita tu, dukani kuna magazeti. Mimi wananiita Wembe, na si kwa sababu ya kazi. Ni kwa sababu ya mdomo. Ninayosimulia hapa ni ya Jumatatu moja, saa nne asubuhi, na ningefurahi sana kama yangekuwa yamempata mtu mwingine.

Koki alikuja amekumbatia kitu kilichofungwa kwenye taulo. Koki ni fundi bomba, mtu mkubwa, mpole, anayegonga hodi hata kwenye choo alichokijenga mwenyewe. Alikaa upande wa tofali bila kusalimia, akaliweka lile taulo mapajani, akalifungua.

Ndani kulikuwa na kisanduku cha bati chenye ukubwa wa mkate. Sote tulikijua, tulikuwa tumekilea pale benchini miezi mitatu. Kazi yake ni rahisi kuieleza na ngumu kuifanya: maji ya moto yanaingia upande huu, ya baridi upande ule, katikati kuna kijiti kinachosikia joto, na mota ndogo inayofungua huku na kufunga kule, mpaka maji yatoke kwenye koki ya nyumbani yakiwa na joto moja tu, kila siku, bila mtu kuhangaika. Juu yake Koki aliweka kitufe cha kuzungusha alichong'oa kwenye redio mbovu, chenye namba sifuri mpaka kumi. Kilikuwa kitufe cha sauti. Kwa hiyo hapa kwetu maji hayaongezwi moto, yanaongezwa sauti. Na kwenye namba saba palikuwa na alama ya rangi nyekundu. Alama hiyo tuliipaka sisi.

— Kimerudi? Cheche aliuliza.

— Kimerudi.

— Mama mkwe hakukipenda?

— Mama mkwe ameungua.

Mzee Birika aliacha kumimina. Hilo halijawahi kutokea.

— Ameungua wapi?

— Mkono wa kulia. Mpaka hapa, Koki akaonyesha kifundo. Umevimba malengelenge. Leo anabadilishiwa bandeji hapo zahanati ya kona. Akitoka atapita njia hii.

— Na wewe mbona uko hapa, hukwenda kumpokea?

— Naona aibu.

Akasema hivyo, wazi, kama mtu anayesema naona njaa. Kisha akaeleza. Ijumaa alikifunga jikoni kwa mama mkwe, chini ya sinki. Alikuwa amekitengeneza kwa ajili yake tangu mwanzo, kwa sababu viungo vya vidole vinamuuma yule mama, na maji baridi ya asubuhi ya kuoshea vyombo yalikuwa yanamliza. Miaka kumi na moja ukweni Koki alikuwa anaitwa "yule wa kuzibua." Ijumaa alitaka aitwe jina lingine.

— Mke wangu amesema maneno machache tu. "Leo, kabla jua halijazama, utamwambia mama kwa mdomo wako ni nini kilichotokea. Usipojua, usiniletee huo uso." Sasa mimi sijui kilichotokea! Nimekifungua mara tatu. Mota nzima. Waya nzima. Kijiti kizima. Niambieni, nimwambie nini?

Hilo lilikuwa kosa lake la pili. Alikwenda kuliuliza benchi.

— Umeme, Cheche akasema. Cheche ndiye mchomeleaji wa ng'ambo. Ana mikono ya chuma na hajawahi hata siku moja kuikalisha methali mahali pake. — Ni umeme tu huo. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Umeme unaingia kwenye hita kidogo kidogo, haba na haba, wiki nzima. Siku bibi wa watu anafungua koki, kibaba chote kinammwagikia.

— Umeme haujai kama ndoo, wewe.

— Mimi nakula nao kila siku! Wewe unauona kwenye balbu.

— Si umeme, Mzee Birika akasema, ni safari. Maji ya mtaa ule yanatoka mbali. Wewe ukitembea mwendo huo si unatoka jasho? Na maji vivyo hivyo. Yanafika na joto la safari. Mngeyapumzisha kwanza kwenye ndoo.

— Ndiyo maana wakasema mwenda pole hajikwai, Cheche akadakia. Maji yangekwenda pole yasingejikwaa kwenye mkono wa mama.

— Hiyo methali inaingiaje hapo?

— Inaingia. Wewe fikiria polepole.

Profesa akakohoa. Profesa alisoma chuo nusu mwaka. Chuo hakikumpa cheti, tukaona si haki, tukampa cheo.

— Jamani, tutumie akili. Kisayansi, joto haliko kwenye maji.

— Haya. Liko wapi?

— Liko kwa anayegusa. Maji ni yale yale. Huyu anasema ya moto, yule anasema ya baridi. Kwa hiyo maji hayana hatia. Ukifuata hoja mpaka mwisho wake, utakuta mama mkwe ndiye aliyeyaunguza maji.

— Nikamwambie hivyo? Koki aliuliza. "Mama, umeniunguzia maji yangu"?

— Kwa heshima lakini. Utangulize shikamoo.

— Wote mmepotea, Cheche akasimama. Tatizo mmelipa bati akili. Kitu chenye akili kina kinyongo! Miezi mitatu kisanduku hiki kiko hapa kwenye jua, kinasikia stori, kinafunikwa taulo kama mtoto. Ghafla kinafungiwa gizani chini ya sinki, pamoja na mende na sabuni ya kipande. Ungekuwa wewe, ungetoa maji ya aina gani?

Benchi likaanza kuchangamka. Na benchi likichangamka, mimi siwezi kukaa. Ndiyo kazi yangu ya pili ile, hailipi lakini sijawahi kuikosa hata siku moja. Nikatoka mlangoni na aproni yangu, nikasema:

— Acheni ushamba. Kisanduku kilisikia sauti ya mama mkwe inakuja jikoni. Kikatetemeka. Kikatokwa jasho. Lile jasho ndilo lililomuunguza! Hata Koki mwenyewe, miaka kumi na moja, akiingia ukweni shati linalowa mpaka kola.

Wakacheka. Profesa alicheka mpaka tofali likasogea. Mzee Birika alifuta macho kwa kitambaa cha birika. Nilimwangalia Koki, kwa sababu mchekeshaji yeyote humtafuta yule ambaye hajacheka. Alikuwa anakitazama kile kitufe.

— Mnakumbuka kipima homa? akasema taratibu.

Kicheko kikaanguka chini.

Tulikikumbuka. Ilikuwa wiki iliyotangulia, siku ya kupaka alama. Kisanduku kilikuwa kimekamilika, kimebaki kitu kimoja: kujua vuguvugu ni namba ngapi. Tulikifunga kwenye sinki langu, lile ninalooshea wateja vichwa, maana nina hita ndogo. Koki alikuja na kipima homa cha mkewe, kile cha kuweka kwapani. Tulipofika namba nne kikapiga kelele, tii tii tii. Tulipofika namba tano kikazimika, na hakijawaka mpaka leo. Profesa alitoa hukumu: hiki ni cha wagonjwa, maji siyo mgonjwa. Tukakiweka dirishani. Ndipo Cheche akasema, kwa nini tuhangaike na vipimo wakati Mungu ametupa mikono? Mkono mmoja haulei mwana, tutie yote, tupige kura, wengi wape.

Tukatia. Kwenye tano, Mzee Birika alitia mkono wake unaookota makaa, akasema haya ni ya kisima. Kwenye sita, Cheche alitia mkono wake unaokamata chuma kabla hakijapoa, akasema sasa kidogo yanaanza kunong'ona, ongeza sauti. Kwenye saba, Koki alitia mkono wake, ambao miaka ishirini umebana mabomba ya moto kwa kitambaa chepesi, akasema, kwa wasiwasi kidogo, nadhani hapa. Profesa hakutia. Alisema yeye ni wa nadharia.

Zamu ikaja kwangu.

Sasa lazima niseme jambo ambalo benchi zima halikulijua. Kati ya wote waliokuwepo, mwenye kazi ya vuguvugu ni mimi. Mteja akija kunyolewa ndevu, kabla taulo halijagusa shavu lake, hujimwagia maji hapa, ndani ya kifundo cha mkono, kwenye ngozi nyembamba isiyojua kudanganya. Nimefanya hivyo miaka kumi na tisa. Nina mikono laini kuliko ya mtoto wa darasa la kwanza, na Cheche huniambia hivyo kila Jumamosi.

Nilitia vidole kwenye namba saba, nikaona nyota saa nane mchana. Nikavitoa haraka, nikavifuta kwenye aproni, na nilipoinua macho Cheche alikuwa ananisubiri na meno yote nje.

— Haya, mikono ya pamba! Lia tukuitie mama!

Mwaka mzima nilikuwa nimewacheka wale watu. Nimemcheka Cheche nyusi zake zilizoungua, nimemcheka Birika mgongo, nimemcheka Koki ukwe. Wote wakanisogelea kusikia nitapiga kelele gani. Nikasema:

— Haya ndiyo mnayaita moto? Haya ni vuguvugu la kumwoshea bibi harusi miguu. Paka rangi, paka rangi kabla hayajapoa!

Walicheka mpaka watu wa duka la jirani wakatoka. Koki akachovya kijiti kwenye rangi nyekundu, akapaka, huku akitikisa kichwa kwa furaha. Kwa sababu kama hata Wembe hajalalamika, basi maji ni salama. Nilimwona akiwaza hivyo. Nikaficha mkono mfukoni mwa aproni, na jioni ile nilimnyoa mteja kwa mkono wa kushoto nikamwambia ni mtindo mpya.

Hayo yote niliyakumbuka pale nimesimama mlangoni, na kicheko cha jasho la kisanduku bado kiko mdomoni kama kipande cha mfupa.

— Kipima homa kilikuwa kibovu, Profesa akasema.

— Kilikuwa kipya, Koki akajibu.

— Basi ni betri, Cheche akasema. Dalili ya mvua ni mawingu.

Hakuna aliyemuuliza inaingiaje. Koki alikuwa amesimama ghafla, na aliposimama tofali likatoka, benchi likainama, na Profesa akateremka mpaka chini na kikombe chake, polepole, kama jua linalotua.

Mama mkwe alikuwa anakuja.

Ni mama mdogo wa umbo, mwembamba, mkoba begani, mkono wa kulia umefungwa bandeji nyeupe na ameuinua kifuani kama aliyebeba kifaranga. Alitembea akifuata kivuli cha ukuta. Tulipiga shikamoo kwa pamoja, kama darasa.

— Marahaba wanangu. Naomba nikae kidogo, jua hili.

— Mgeni njoo mwenyeji apone! Cheche akapaza sauti, kisha akaiona bandeji vizuri, akasogea kumpisha.

Tukalirudisha tofali. Mama akakaa. Koki akachuchumaa mbele yake, mtu mkubwa vile, magoti yakalia.

— Mama, nilikuwa nakuja kukupokea.

— Najua, baba. Nilisubiri kidogo pale mlangoni, nikasema labda umebanwa na kazi.

Koki akainua macho. Akatutazama. Tukatazama barabara.

— Mama, kuhusu kile kisanduku. Ni kwamba umeme... Akaacha. — Yaani maji ya mtaa wenu, yakitoka mbali... Akaacha tena. Nilimwona anafika kwenye nadharia ya Profesa, anaikaribia, anaikimbia. Mwishoni akainamisha kichwa. — Sijui, mama. Sijui kimeharibika nini. Nisamehe.

— Hakijaharibika, mama akasema. Kifaa chako kizuri sana. Nimekaa nikawaza usiku wote, nikasema lazima nimwambie. Yale maji hayakuyumba hata kidogo. Mabomba mengine yanatoa moto, mara baridi, mara moto. Hili lako, moto ule ule, toka mwanzo mpaka mwisho.

Profesa alitoa sauti ndogo. Hakuna aliyemfuata.

— Ningetoa mkono mapema, nisingeumia hivi. Lakini ulikuwa umesimama pale mlangoni, mikono nyuma, unatabasamu kama mtoto aliyeleta ripoti ya shule. Nikasema moyoni, nikipiga kelele nitamtia mkwe wangu aibu mbele ya mkewe. Nikahesabu. Nikafika sita.

Ng'ambo kule, kwenye karakana, mtu aligonga chuma mara moja, akaacha. Mimi siku ile sikufika hata mbili.

— Sasa nataka kujua kitu kidogo tu, mama akasema, akaunyoosha mkono wake mzima na kugusa ile alama nyekundu. Hii mliipaka kwa mkono wa nani?

Cheche akaleta mkono wake, taratibu, kama mwanafunzi anayesubiri fimbo. Mama akaupapasa.

— Huu, mwanangu, ni koleo.

Akaupapasa wa Mzee Birika.

— Huu ni jiko. Na wako, baba, akamwambia Koki, ni mpira wa bomba. Umefanya kazi sana mkono huu.

Tulicheka kidogo, kicheko cha watu walio kanisani.

— Mimi sikutia mkono, mama, Profesa akasema. Mimi ni wa nadharia.

— Hongera, baba. Nadharia haiungui.

Kisha akageuka akaniona mimi, mlangoni, mkono mfukoni.

— Na wewe je? Unafanya kazi gani?

— Kinyozi, mama.

— Lete.

Nikaleta. Akaushika, akaugeuza, akapitisha kidole gumba ndani ya kifundo.

— Haa. Huu ni mkono wa mtu. Nyinyi si ndio mnaoosha watu nyuso? Basi mwenye kujua yupo! Koki, baba, kifunge hicho kitu kwenye sinki la huyu bwana. Nitatia huu mkono mwingine, bado mzima, tuweke alama upya.

— Hapana mama! Koki alikaribia kulia. Usitie mkono tena.

— Nitatia mimi, nikasema. Hiyo sauti ilitoka ndogo, wala haikuwa na utani ndani yake, na Cheche alinigeukia kuhakikisha ni mimi.

Tukaingia ndani, sote, tukajipanga baina ya viti viwili na kioo. Koki akafunga mipira, hita ikaguna. Nikakunja shati. Nikageuza kifundo juu.

— Sifuri, Koki akasema.

— Baridi.

— Moja.

— Baridi.

— Mbili.

— Inakuja.

Akasogeza kitufe kidogo. Maji yakapita kwenye ngozi yangu, nikayajua kama ninavyojua uso wa mteja wa miaka yote.

— Hapo.

— Hapo?

— Hapo hapo, Koki.

Mama akasogea, akachovya ncha ya kidole kimoja, kisha vidole vyote vya mkono wa kushoto, akaviacha ndani. Akafumba macho. Vile viungo vilivyovimba vikalegea kimoja kimoja chini ya maji.

— Hapa ndipo, mwanangu. Hapa ndipo kabisa. Hiki ndicho ulichokuwa unataka kunipa.

Namba tatu. Ile nyekundu ilikuwa juu kwenye saba, inang'aa. Kati ya tatu na saba kuna upana wa vidole viwili, si zaidi, na sote tulisimama tukiutazama. Nilimwona Koki akihesabu kwa macho. Tatu, nne, tano, sita, saba. Kisha akautazama mkono wangu unaochuruzika maji, kisha uso wangu. Akajua. Mtu mpole akijua jambo hakunji uso. Anatazama tu pembeni, kama aliyekufumania unaoga.

— Kumbe ni rahisi hivi! mama akasema, anajifuta kwa taulo la Koki. Mkono mmoja tu ulitosha. Sasa wewe, bwana kinyozi, siku ile wanapima ulikuwa wapi?

Aliuliza bila ubaya wowote. Hata mtoto angeweza kujibu. Cheche alikazia macho feni ya dari. Profesa alivua miwani akaisafisha kwa tai asiyoivaa. Mimi nina mdomo ambao haujakosa neno harusini wala msibani. Niliufungua, ukakaa wazi, hakikutoka kitu. Maji yaliendelea kutiririka kwenye sinki, joto moja, hayayumbi.

— Alikuwa na mteja, mama, Koki akasema.

Akaifunga koki.

— Ahaa. Basi ndiyo maana. Mama akaushika mkono wangu, akaupigapiga juu kwa upole. — Asante, mwanangu. Ungekuwepo, nisingeungua.

Nimepigiwa makofi harusini, nimezomewa, nimewahi kurushiwa kandambili na ikanipata. Hakuna kilichonipata kama ile shukrani.

Koki alitaka kumsindikiza. Mama akakataa, akamwambia kazi kwanza. Afute hiyo nyekundu, apake mpya kwenye tatu, jioni aje akifunge, na safari hii asisimame mlangoni, aje wakae. "Na mkeo nitamwambia mwenyewe kwamba umeniambia ukweli," akasema, "maana umesema hujui." Kisha akaaga, akashika kivuli chake cha ukuta.

Tukarudi benchini. Koki alibaki mlangoni pangu na kitambaa chenye mafuta ya taa, anasugua ile alama. Alisugua muda mrefu kuliko rangi ilivyohitaji. Hakunitazama, na hakuniambia neno, na kama angenitukana ningemshukuru.

Cheche alikaa akiviringisha kikombe kitupu viganjani. Nilingojea utani wa mikono ya pamba. Nilikuwa nauhitaji.

— Siri ya mtungi aijuaye ni kata, akasema.

Miaka yote niliyomjua, ndiyo methali ya kwanza aliyoikalisha mahali pake. Hakuna aliyeuliza inaingiaje.

Mzee Birika akainua birika kwa mazoea, akaliinamisha juu ya kikombe changu. Likatoa tone moja, likatikiswa, likatoa unga.

— Imeisha, akasema.

Nikavua aproni. Mama alikuwa bado hajafika kwenye nguzo ya umeme. Anatembea taratibu, bandeji kifuani. Niliondoka benchini bila kujua nitaanza na neno gani, na nilipita mlangoni karibu na Koki, naye akaacha kusugua.

— Mama! niliita.

Akageuka, akaniona ninakuja mbio, akatabasamu, akaninyooshea ule mkono wake mzima niushike. Alidhani nimekuja kumsindikiza.